Ukurasa wa Arobaini na Moja

Nimehariri ripoti sita za kampuni hii.
Nazijua kama ulimi unavyolijua jino bovu:
jalada la kijani, watoto wanaocheka,
barua ya mkurugenzi yenye neno "dhamira" mara tisa,
kisha takwimu, na takwimu zetu hazijui kushuka.

Miche elfu nne tulipanda, na takwimu zikapanda.
Kitenzi kimoja kilifanya kazi mbili
nami nikalipwa mshahara mmoja.

Ila nilichokipenda hasa ni kauli ya kutendwa.
Maji yamefikishwa. Vumbi limedhibitiwa.
Malalamiko yameshughulikiwa.
Na nani? Lini? Mpaka wapi?
Kauli ya kutendwa ina adabu zake:
haitaji watu kwa majina.

Mwezi wa pili nilipanda treni kutoka Tbilisi hadi Zedubani,
kwenye manganizi, ambako theluji huanguka nyeupe
na kufika adhuhuri imekuwa jivu.
Sikutumwa. Nilitaka kuhesabu tu.

Mteremkoni nilikuta vijiti,
vijiti, na vibao vyenye nembo yetu.
Nikahesabu iliyo hai hadi vidole vikafa ganzi:
mia mbili na kumi na miwili,
na mmoja niliobishana nao kwa muda mrefu, nikauacha.

Guguli alinifungulia bomba la jikoni.
Likakohoa. Likanyamaza. Likakohoa tena
kama mgonjwa mwenye neno asilotaka wageni walisikie.
"Huja Jumanne," alisema, "saa mbili, labda tatu.
Wapiga picha wenu nao walikuja Jumanne."
Akanionyesha sufuria, na utando mweusi chini yake,
kisha akanikatia mkate wa maharagwe ungali moto,
maana mgeni ni mgeni
hata akiwa ametoka kwa wenye bomba.

Siku tatu tulizunguka naye, mlango kwa mlango.
Vazha, aliyeachia masikio yake shimoni,
alifungua koki mwenyewe, akakinga kiganja:
yeye hasikii maji, huyagusa.
Akangoja. Akatabasamu. Yalikuwapo, membamba kama uzi.
Nikaandika: moja.

Ghorofa ya saba, dirisha limefungwa.
*Mabomba mia tatu na kumi yamefungwa,*
ndivyo tulivyoandika mwaka jana,
na sentensi ile, bila kujua, ilisema kweli.
Nikaifuta. Nikaandika:
*Tuliweka mabomba 310.
Yanayotoa maji kila siku ni 94.
Mengine hatujayatengeneza.*
Sisi. Hatuja. Nilisoma kwa sauti
na kinywa changu kikaona haya kidogo, kisha kikazoea.

Zurabi alisoma amesimama.
"Ukurasa huu unatuvua nguo."
"Unatupima," nikasema. "Mshonaji hapimi juu ya koti."
"Wapinzani wetu wana asilimia mia!"
"Wapinzani wetu hawajafika kwa Guguli."
Akazungusha kalamu. Miche akaisukumia kwenye tanbihi,
herufi ndogo kama siafu. Maji akayaacha.
Sijui kwa nini. Labda alichoka.
Labda mama yake naye ana bomba mahali fulani.

Ripoti ikatoka Mei. Hisa hazikuanguka,
wala hakuna aliyetupongeza.
Nilituma nakala moja Zedubani kwa posta,
nikakunja pembe ya ukurasa wa arobaini na moja.

Guguli akapiga simu Jumatano.
Hakusema asante. Nyuma yake sufuria ililia.
"Umeandika tisini na nne.
La Vazha limekauka tangu Pasaka,
kila asubuhi anakinga kiganja, anarudi ndani.
Futa. Andika tisini na tatu."

Nikavuta kiti.
"Subiri," nikamwambia, "natafuta kalamu."